Kwenu Hasa Ni Wapi?

Mwaka 2005 msichana mmoja wa Siyu, kisiwani Pate, alialikwa China kukutana na mababu. Anaitwa Mwamaka Sharifu, na magazeti ya dunia nzima yalimwandika. China ilikuwa inaadhimisha miaka 600 tangu safari ya kwanza ya Zheng He, na kule Pate kuna simulizi la zamani kwamba merikebu ya Wachina ilivunjika karibu na Shanga, mabaharia wakafika ufukweni, wakasilimu, wakaoa. Mwamaka alitambulishwa kuwa wa kizazi chao. Alipelekwa Taicang, bandari ambako misafara ya Zheng He ilianzia, kisha akapewa ufadhili wa kusoma tiba ya jadi ya Kichina mjini Nanjing.

Watu wamebishana sana kama ni kweli. Wapo wanaosema hata jina la Shanga limetoka Shanghai, lakini Mark Horton alipochimba pale miaka ya 1980 alikuta mji ulioanza karne ya nane, yaani Zheng He alikuwa bado miaka mia sita na ushee kuzaliwa. Vyombo vya Kichina vilivyovunjika, ndiyo, vimejaa pwani nzima. Mabaharia? Huenda. Mimi hilo halininyimi usingizi.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba kwa muda wote huo hakuna mtu wa Taicang aliyeuliza habari za Siyu. Hakuna aliyekuja msibani, hakuna aliyetuma hata kipande cha sabuni. Halafu siku moja undugu ukahitajika, ukatafutwa, ukapatikana. Mwamaka simlaumu hata kidogo, mtoto wa kisiwani akipewa nafasi ya kusoma asome. Lakini asili inayokutafuta siku inapokuhitaji ni asili ya namna gani? Na kibao kikigeuka je, pale ambapo mimi ndiye ninayeitafuta asili, na ninaitafuta wakati ambapo imepanda bei?

Nauliza kwa sababu yamenikuta. Baba yangu alikuwa Mbena wa Njombe, kijiji cha upande wa Uwemba. Alifanya kazi Dar es Salaam, akaoa Dar, akafia Dar nikiwa na miaka tisa. Wakamsafirisha usiku kucha kwenda kumzika kwao. Mimi nimekulia Temeke. Kibena changu kinaanzia kwenye "kamwene" na kinaishia hapo hapo.

Nilisoma shahada ya uzamili Guangzhou, na nilipomaliza nilizunguka China peke yangu kwa treni wiki tatu: Changsha, Wuhan, Xi'an, Beijing. Mwanamke Mwafrika anayesafiri peke yake kule haachwi kimya. Utaulizwa unakula nini, una watoto wangapi, nywele hizi ni zako? Ukishazoeleka, hasa kwa wazee, linakuja swali lenyewe: laojia yako ni wapi? Laojia ni "nyumba ya zamani", ila hawaulizi nyumba. Mtu aliyezaliwa Shenzhen, akasomea Shenzhen, akazalia Shenzhen, atakwambia laojia yake ni kijiji fulani cha Hunan ambako amelala pengine siku kumi katika maisha yake yote. Hata fomu zao zina nafasi ya jiguan, mahali pa asili, na hapo watu kwa kawaida huandika kwa babu mzaa baba.

Nilipoelewa nilicheka peke yangu kwenye behewa. Si ni "kwenu wapi" yetu ile ile! Mjibu Mtanzania "Dar" uone atakavyokutazama, kama vile kuna kitu umemficha. Kwenu hasa! Basi nami nilikuwa najibu "Njombe" bila kusita, mimi niliyekuwa nimefika Njombe mara mbili tu, mara zote mbili kwa msiba. Bibi mmoja wa Wuhan alinipigapiga mkononi akasema vizuri, vizuri, mtu lazima awe na laojia. Jibu lilimtosha. Hakuna aliyeuliza kama Njombe nayo ingekubali.

Kabla ya kuondoka Guangzhou nilikwenda kuangalia jumba la ukoo wa Chen, ambalo siku hizi ni makumbusho ya sanaa za jadi. Lilikamilika mwaka 1894. Watalii wengi hupiga picha nakshi za mapaa yake wakatoka, na kweli nakshi zinatisha kwa uzuri, lakini mimi nilinaswa na jinsi lilivyopatikana. Akina Chen wa wilaya 72 za Guangdong walichangishana wakalijenga, ili vijana wao wanapokuja mjini kufanya mitihani ya utumishi wa dola wawe na pa kufikia, na waliochangia wakapata nafasi ya kuweka vibao vya mababu zao kwenye madhabahu ya pamoja. Sasa fikiria. Wilaya 72! Wengi wao hawakuwa na babu mmoja wanayeweza kumtaja. Walikuwa na jina moja, na mchango. Ni kama akina Sanga wote, wa Makete na wa Makambako na wa Kariakoo, wajenge hosteli moja Dar kisha waseme sisi ni nyumba moja. Na baada ya miaka hamsini wangekuwa nyumba moja kweli, maana wangekuwa wamezikana na kugombana vya kutosha. Mitihani yenyewe ilifutwa mwaka 1905, jumba likabaki.

Nilitoka pale nikiwa na wazo ambalo lilinifurahisha sana: asili si damu, asili ni mchango. Wewe ni wa pale ambapo watu wanaweza kukudai kitu. Kwa wazo hilo Taicang haikuwa asili ya Mwamaka, na akina Chen walikuwa ndugu halali. Ni wazo zuri. Lilidumu mpaka nilipofika Makambako.

Nilirudi nchini, na mwaka 2023 nikaamua kwenda Njombe bila msiba. Nilipanda treni ya TAZARA makusudi. Ukiwa China ukasema Tanzania, mtu mzima wa umri fulani hakujibu kwa Kilimanjaro wala kwa simba, anakujibu "Tan Zan tielu", reli ya Tanzania na Zambia. Kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, zilizojengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa 1976. Kipande cha Mlimba mpaka Makambako ndicho kilichowatoa jasho kuliko vyote: treni inaacha bonde la Kilombero na kuanza kukwea, handaki baada ya handaki, madaraja juu ya makorongo ambayo ukichungulia unarudisha kichwa ndani upesi. Katika kazi ile walikufa Wachina zaidi ya 60, na makaburi ya wengi wao yako Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Kila Aprili, kwenye siku yao ya kufagia makaburi, watu wa ubalozi huenda kuweka maua.

Wale ni wa wapi? Jiguan yao ni Shandong, ni Sichuan, ni Henan. Lakini mtoto wa Gongo la Mboto anayepita pale kila siku kwenda shule amekaa nao karibu kuliko mjukuu wao yeyote. Utaona wazo langu la mchango linavyoanza kuyumba. Wametoa mchango mkubwa kuliko wote, na bado hakuna anayesema kwao ni hapa.

Makambako nayo ni mji wa kuyumbisha wazo. Ni mji wa barabara na reli. Barabara ya Dar kwenda Tunduma inapita, ya Njombe na Songea inachepukia hapo, treni inasimama hapo, na upepo wake unakata masikio. Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi na ya nguo ni ya Wakinga, na wengine kati yao wanaifahamu Guangzhou mtaa kwa mtaa kuliko mimi niliyesoma kule. Nilimkuta mama mmoja dukani kwake anaongea Kichina cha kupatana bei kwenye simu, nikamsalimu kwa Kichina, tukacheka mpaka wateja wakasogea kutusikiliza. Nikamuuliza kwao. "Makete." Ameishi Makambako miaka thelathini na moja, amejenga nyumba tatu, amechangia kanisa na shule, watoto wake wote wamezaliwa hapo. Kwao Makete. Na nyumba yake ya nne anaijenga kule, ambako hakai mtu.

Kutoka hapo mpaka Njombe ni kama kilomita 60 kwa Hiace, miti ya mbao na mashamba ya viazi kila upande.

Baba mdogo alinipokea kituoni. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akaniita mama, kama alivyoniita nilipokuwa na miaka tisa, kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Hebu lichukue hilo kwanza kabla hatujafika kwenye ardhi. Mzee wa miaka sitini na saba ananiita mimi mama, na shangazi anaacha kiti niketi. Sikuchangia chochote kupata cheo hicho. Nilikikuta. Yaani kuna njia ya kuwa wa mahali ambayo si damu tupu wala si jasho. Ni kuitwa. Watu wa pale walinidai kabla sijajua kuwa nipo.

Siku ya pili akanipeleka shambani. Ekari mbili na nusu zinazoteremka mpaka kijitoni, makaburi juu kabisa karibu na njia: babu, bibi, baba, na shangazi mkubwa. Shamba lilikuwa la baba. Anayelilima ni binamu yangu, mtoto wa huyo shangazi aliyelala pale. Mama yake alikwenda kwa Ukimwi, na baba yake kabla ya hapo. Mkoa huu umekuwa juu kwenye hesabu hizo kwa miaka mingi, utafiti wa kitaifa wa 2011/12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wazima wana virusi, na nyuma ya namba hiyo kuna watoto wengi waliolelewa na bibi kwenye shamba la mjomba. Binamu ni mmoja wao. Alianza kulilima akiwa na miaka kumi na nne. Alilima mahindi na viazi miaka mingi, kisha akaweka miparachichi ya Hass, ile ya kubebeshwa, akaipalilia, akaimwagilia kwa ndoo kiangazi kizima. Sasa inazaa.

Na hapa ndipo bei inapoingia. Njombe wanaliita parachichi dhahabu ya kijani, na si utani. Novemba 2022 Tanzania ilisaini makubaliano ya kuuza maparachichi China, na tangu hapo wenye magari makubwa wameongezeka vijijini, wanauliza ardhi. Vilevile wameongezeka, alinieleza baba mdogo kwa sauti isiyo na kejeli yoyote, watoto wa mjini wanaokuja kutafuta asili.

Alitaka nilichukue shamba. Mnunuzi alikuwa amekwisha kuja, na mzee aliogopa kwamba binamu, akiwa mtoto wa upande wa kike na baba yake ni wa kabila lingine, ataliuza au watoto wake watalichukua liende ukoo mwingine. "Hili ni la kaka yangu," alisema. "Wewe ndiye damu yake."

Nikakaa na hilo siku nne. Kila upande ulikuwa na hoja, tena hoja nzito. Kwa mila alizozishika mzee, na kwa lile tangazo la serikali la sheria za mila la 1963, mimi binti ningewekwa nyuma ya wanaume kwenye ardhi ya ukoo, kwa hiyo hata yeye alikuwa anaipindisha mila ili kuiokoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Rafiki yangu wakili aliniambia kwenye simu kwamba muda wa kudai ardhi ni miaka 12, akaongeza haraka kwamba aliyekaa kwa ruhusa ya ukoo hahesabiwi kuwa mvamizi, kwa hiyo nisiogope. Sikuwa naogopa. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia si langu, nikamkosa.

Kuna hoja ya jasho. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza watu wauziwe ardhi moja kwa moja, Nyerere aliandika "Mali ya Taifa" akipinga. Kwa maelezo yangu mwenyewe, anasema ardhi hakuiumba mtu, hivyo haki pekee anayoweza kuwa nayo mtu ni ile inayotokana na kazi aliyoifanya juu yake. Kwa hoja hiyo kesi imeisha: miparachichi ni ya aliyeimwagilia kwa ndoo.

Lakini ngoja. Nani aliyenunua mabati ya nyumba anayolala binamu? Baba, kwa mshahara wa Dar. Nani alilipa ada yake ya shule ya msingi na sare? Baba, mpaka alipokufa. Na babu naye hakuwahi kulima shamba hilo miaka mitano mfululizo, maana alikuwa manamba kwenye mkonge Tanga. Wilaya ya Njombe ndiyo iliyokuwa ikikusanyiwa vibarua wa mkonge kwa malori, watu wakarudi na baiskeli na kifua kibovu. Ukoo huu uliishika ardhi hii kwa vizazi viwili kwa njia ya kutokuwepo. Aliyebaki alilima kwa sababu aliyeondoka alituma. Ukisema jasho lihesabiwe, basi lihesabiwe lote, pamoja na lile lililodondokea Tanga na bandarini Dar. Hesabu hiyo hakuna mwenye kikokotoo chake.

Kwa hiyo jasho halikunipa jibu, damu haikunipa, sheria ilinipa majibu mawili. Siku ya nne nilikuwa nimekaa makaburini, baridi imeshuka, nikamwona binamu anakagua mti mmoja mmoja kama mama anayekagua vichwa vya watoto wanaokwenda shule. Nadhani hapo ndipo nilipoona kwamba yako maswali mawili, na sisi Waswahili na Wachina kwa pamoja tumeyafunga kwenye furushi moja. Liko swali la mimi ni wa wapi. Na liko swali la hiki ni cha nani. Laojia, kwenu, asili, maneno yote haya yanakufanya udhani ukijibu la kwanza umejibu la pili. Mwamaka alipewa la kwanza kwa shangwe na vigelegele, lakini hakuna aliyemwonyesha kiwanja Taicang akamwambia hiki ni chako, na sikumbuki mtu yeyote kushangaa. Wachina wa Gongo la Mboto wana futi sita zao za ardhi yetu milele, na kwetu si kwao. Mimi ni wa Njombe. Naitwa mama na mzee wa Njombe. Hilo halihitaji ekari mbili na nusu kulithibitisha, na ekari mbili na nusu zisingeliongezea kitu.

Lililobaki likawa rahisi kidogo, ingawa si tamu. Mimi nina pengine pa kusimama. Nina kazi, nina chumba na sebule Temeke, nina cheti chenye mhuri wa Guangzhou. Yeye akitolewa pale anaanza upya na watoto watatu. Nikamwambia baba mdogo shamba liandikwe jina la binamu, ipatikane hati ya kimila kwa jina lake, na makaburi na njia yake vitengwe vibaki vya ukoo.

Usidhani alinisifu. Alikaa kimya mpaka chai ikapoa, akasema nimeukata mzizi wa kaka yake kwa panga la huruma. Sina uhakika kwamba amekosea. Binamu anaweza kuliuza kesho. Watoto wake wanaweza kuotesha uzio mpaka juu ya makaburi. Mtu anayesema "mimi nina pengine" huwa anatoa kwa urahisi, na kinachotolewa kwa urahisi wazee hawakiamini, nao wameona mengi. Shangazi mdogo alikuwa upande wangu, lakini nilijua pia kwamba yeye na baba mdogo wana kesi yao ya zamani.

Asubuhi ya kuondoka tulipanda wote kule juu kuonyesha mipaka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Walipokwisha kuweka alama, baba mdogo akanigeukia.

"Mama, siku ukifa tukuzike wapi?"

"Hapo, kwa baba."

"Kwenye shamba la mtu?"

Binamu alikuwa ameinama anajaza samadi kwenye shimo la mche mpya. Hakuinuka. "Mjomba," alisema, "makaburi si tumeshayatoa kwenye ramani?"

Mzee hakumjibu. Alihesabu hatua kutoka kaburi la baba mpaka kwenye jiwe la mpaka, akarudi akihesabu tena, kisha akamwambia mwenyekiti jiwe lisogezwe chini mita mbili.